Kupoza Nyumba: Maji au Mtambo?



Nyumba ya bati huko Nyambureti hushika joto tangu adhuhuri hadi jioni. Kwa hiyo mwanachama aliyeingiza umeme, au chama chenye ofisi, huanza kufikiria chombo cha kupozea hewa. Vyombo hivyo ni vya namna mbili, na fedha hupotea mnunuzi asipojua tofauti yake.

Namna ya kwanza hufanya kazi kama mtungi wa udongo. Feni huvuta hewa ya nje na kuipitisha katika pazia lililoloweshwa. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto la hewa hiyo. Dirisha huachwa wazi ili unyevu utoke. Namna ya pili ni kiyoyozi, ndugu wa jokofu: hutoa joto la chumbani na kulitupa nje, na madirisha sharti yafungwe. Kiyoyozi hupunguza unyevu pia. Willis Carrier wa Marekani alipobuni mtambo wake mwaka 1902, alikusudia kukausha hewa ya kiwanda cha uchapaji.

Kipimo cha kuamua ni rahisi. Chukueni vipimajoto viwili, kimoja kifungwe kitambaa chenye maji, kisha vyote vipepewe. Kikavu kikionyesha nyuzi 30 na cha kitambaa nyuzi 20, tofauti ni 10. Chombo cha maji kilicho kizuri hupunguza kadiri ya robo tatu ya tofauti hiyo, yaani hewa hufika nyuzi 22 au 23. Wakati wa mvua, tofauti ikiwa nyuzi 3, nafuu ni nyuzi 2 tu. Ndiyo sababu chombo hicho hakifai pwani, kwenye unyevu mwingi.

Kiyoyozi cha chumba kimoja huweza kutumia wati 1,000. Chombo cha maji hutumia umeme wa feni na pampu tu. Lakini kikinywa lita 4 kwa saa, kwa saa 8 ni lita 32, zaidi ya ndoo moja na nusu. Je, nani atazibeba wakati wa kiangazi, kisima kinapopungua? Mara nyingi ni mama na binti, ambao hawakuulizwa siku ya kununua.

Tena, chanjo nyingi za mifugo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Pazia la maji haliwezi kufika hapo. Kwa chama cha wafugaji, jokofu la chanjo na litangulie kiyoyozi cha ofisi.

Kabla ya yote, wekeni dari chini ya bati, matundu ya hewa juu ya kuta, na miti ya kivuli upande wa magharibi. Joto likizidi hata hivyo, katibu apime wiki moja ya kiangazi na wiki moja ya mvua, aandike tarakimu katika muhtasari, ndipo mkutano upige kura.