Testosteroni ya Dukani na Ile ya Mwilini
Maelezo yaliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa Kata ya Mikindani



Nimeombwa nizungumzie sindano na jeli za testosteroni, homoni inayompa mwanamume ndevu, sauti nzito na misuli. Wanaoziulizia ni vijana wanaonyanyua vyuma, pamoja na waume ambao mtoto amechelewa. Hao wa pili ndio wanaonitia wasiwasi zaidi.

Homoni hii hutengenezwa katika korodani, lakini amri hutoka kichwani, kwenye tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo hufuatia kiasi kilichomo katika damu. Aonaye mtungi umejaa haendi kisimani. Nayo ikikuta homoni ya dukani imejaa, huacha kuamrisha. Korodani hulala, husinyaa, na mbegu za uzazi hupungua, pengine hadi kwisha.

Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya wanaume 271 wa nchi saba waliochomwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki. Ndani ya miezi sita, 157 kati yao hawakuonekana na mbegu hata moja. Na lile lilikuwa jaribio la uzazi wa mpango! Mume anayetafuta mtoto kwa sindano hiyo anajifungia mlango mwenyewe.

Jeli ya kila siku, sindano ya wiki mbili, sindano ya miezi mitatu: zote hunyamazisha tezi. Tofauti huonekana zaidi wakati wa kuacha. Jeli hutoka mwilini kwa siku chache. Sindano ya muda mrefu hukaa miezi, na korodani huchelewa kuamka. Wengi hurudiwa na mbegu ndani ya mwaka mmoja, wengine huchukua hata miwili. Aliyejidunga dozi kubwa kwa miaka huenda asirudie hali yake ya awali. (Mwenye kupaka jeli asimbebe mtoto kabla ya kunawa na kufunika alipopaka.)

Wapo wanaoihitaji kweli, ambao korodani zao zimeharibiwa na maradhi au ajali. Hao hugunduliwa kwa kipimo cha damu ya asubuhi, kinachorudiwa siku nyingine. Anayetaka mtoto amwambie daktari kabla ya dawa yoyote, kwani zipo zinazoiamsha korodani badala ya kuilaza. Anayetumia tayari asiache ghafla. Aende hospitali na boksi la dawa mkononi.