Kabla ya Kuingiza Moto Chumbani

Hotuba kwa wakazi wa Kimironko, Wilaya ya Gasabo, Kigali, na wafanyabiashara waliotoka mipakani



Nimeombwa nizungumze juu ya joto la nyumba. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam angeshangaa kusikia polisi wa nchi iliyo jirani na ikweta wakihutubia watu habari za baridi. Ninyi hamshangai. Kigali imeinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua hapa Kimironko humfanya mtu atafute blanketi la pili. Huko Byumba na kwenye miteremko ya Birunga, ambako makazi yamepita mita 2,000, hata hilo la pili halitoshi. Ndiyo maana twawaona watu wakitoka soko hili wamebeba majiko, mitungi ya gesi na hita za umeme za kupeleka nyumbani. Wote wameuliza bei. Wachache wameuliza swali lililonileta hapa: pumzi ya chombo hiki itatokea wapi?

Nianze na jiko la makaa, mbabula, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika nyumba nyingi. Desturi yetu yajulikana. Chakula kimekwisha kupikwa uani, makaa bado ni mekundu, na ndani yumo mama aliyejifungua juzi na mtoto anayetetemeka. Mtu husubiri moshi ukatike, hunyunyizia jivu juu ili makaa yasiishe upesi, kisha huliingiza jiko chumbani, hufunga mlango na kuziba nyufa kwa kitenge. Hayo yote hufanywa kwa upendo na kwa kuweka akiba, na kila hatua huzidisha hatari. Makaa mekundu yasiyotoa moshi bado hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Jivu huyanyima makaa hewa, na makaa yanyimwayo hewa huitoa sumu hiyo kwa wingi zaidi. Nazo nyufa zilizozibwa ndizo zilizokuwa njia pekee ya kuipeleka nje. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata aliyelala akakosa uwezo wa kuamka kabla hajatambua kwamba anakosa hewa.

Ndugu zetu wa Rubavu na Goma wataniambia: hayo ni mazuku. Neno hilo ni lenu, na wataalamu wa volkano duniani wamelichukua kama lilivyo. Lakini mfano huo wafaa nusu tu. Mazuku ni kaboni dioksaidi itokayo ardhini; ni nzito kuliko hewa, hulala kwenye mashimo na mabonde, ikamuua mbuzi au mtoto mahali ambapo mtu mzima aliyesimama kando yake pengine akapona. Hewa ya makaa haitulii chini. Huchanganyika na hewa yote ya chumba, toka sakafuni hadi darini, na aliyelala juu ya kitanda kirefu hayuko salama kuliko aliyelala mkekani. Inayofanana na mazuku ni gesi ya mtungi: ikivuja hushuka, hutambaa sakafuni, hujikusanya uvunguni, ikingoja cheche.

Hapa niwieni radhi niseme kama askari. Dalili za hewa ya makaa ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika na miguu kuishiwa nguvu. Mtu hudhani ni malaria au chakula kilichochacha. Familia nzima ikiamka inatapika, au wawili wasipoamka kabisa, mnong'ono wa kwanza kijijini hauyataji makaa, humtaja jirani. Na mipakani, ambako aliyekula nanyi jana huenda ni mgeni aliyevuka kutoka upande wa pili, neno "kulishwa sumu" hupata jina la mtu kabla jua halijapanda. Wakati huo jiko limekwisha kutolewa, majivu yamemwagwa, mlango u wazi, na ushahidi umekwenda na upepo.

Basi mkiwakuta watu katika hali hiyo, fungueni mlango na madirisha, watoeni kwenye hewa safi, pigeni 912 mpate gari la wagonjwa na 112 mpate polisi. Mwambieni mganga kwamba palikuwa na jiko chumbani. Neno hilo moja hubadili matibabu. Jiko litoeni nje, lakini msilimwage. Damu ya mgonjwa au ya marehemu hupimwa, na kipimo huonyesha kama ni makaa. Mpaka kipimo kiseme, msimtaje mtu.

Mtu auliza: tutumie nini, basi? Jambo la kwanza ni dari. Nyumba yenye bati tupu hupoteza joto lake juu usiku kucha, hata ungewasha nini chini. Dari na mlango unaofungika vizuri huleta faraja ambayo haidai makaa wala umeme. Ila kumbukeni: nyumba iliyozibwa hivyo ndiyo isiyofaa kabisa kuingizwa mbabula, na tundu la hewa juu ya dirisha lisizibwe.

Umeme ni msafi, na ni ghali. Hita ya chumba ya wati 2,000 humaliza uniti 10 za Cash Power kwa saa 5. Hita ya maji ya bafuni yenye wati 5,500 huvuta ampea 25, na waya mwembamba uliowekwa kwa ajili ya taa utaungua ndani ya ukuta mkiwa mmelala. Yahitaji waya wake wenyewe kutoka kwenye breka, pamoja na waya wa ardhini, na fundi mwenye kibali cha RURA. Najua fundi wa mtaani hutoza nusu ya bei. Mwombeni awaonyeshe kibali kwanza.

Hita ya maji ya jua naipenda kuliko zote kwa mwenye uwezo, lakini nitaje uzito wake. Tangi la lita 200 likijaa lina kilo 200 za maji peke yake. Paa la nyumba ya udongo halikujengwa kwa mzigo huo. Jengeeni tangi nguzo kando ya nyumba.

Gesi hupika na kuchemsha maji kwa haraka, na kwayo nimeona uzembe mwingi. Mtungi ukae nje, umesimama wima, mahali penye kivuli na upepo. Hita ya maji ya gesi nayo ifungwe nje ya bafu, kwa maana nayo hutoa pumzi kama makaa. Vichwa vya mitungi havilingani kwa kampuni zote wala kwa nchi zote. Mtungi uliovuka mpaka ukafungiwa regulata ya upande huu kwa kulazimishwa na kuzungushiwa mpira wa baiskeli utavuja. Mitungi iliyojazwa vichochoroni kutoka mtungi hadi mtungi msiinunue, na mkijua pajazwapo mtuambie. Mkisikia harufu usiku, msiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Fungueni milango, mtoke, mpige 111 mkiwa nje.

Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye maungio, si kwa kiberiti. Askari wa zimamoto ana ndoo na sifongo pale mlangoni. Waliokwisha kununua mipira na regulata asubuhi hii wabaki nazo, tuzikague moja moja kabla hamjakwenda Nyabugogo kupanda magari.