KITWITWI, MGENI WA KANDO YA MAJI: NAMNA YA KUMTAMBUA NA KUZIFAHAMU TABIA ZAKE



Kitwitwi anayezungumziwa hapa si mgeni machoni pa wakazi wa visiwani. Huonekana pwani maji yanapokupwa, na katika hori za mikoko. Ndege huyo huyo, ambaye wataalamu humwita Actitis hypoleucos, hufika pia bara, kando ya mito na mifongo ya Wachaga katika miteremko ya Kilimanjaro, hadi mashamba ya mpunga chini ya mji wa Moshi. Huko ndiko kumtambua kulikokuwa jambo zito. Kwani penye mpunga ndege hupigwa vita, na asiyejulikana huhesabiwa kuwa mwizi.

Umbo lake ni dogo, urefu wa sentimita 20 hivi. Mgongo ni wa rangi ya kahawia na tumbo ni jeupe pepe. Alama ya kutazamwa kwanza ni weupe wa kifuani unaopanda mbele ya bawa lililokunjwa, mfano wa kabari. Alama ya pili ni mwendo: hachoki kutikisa mkia juu na chini, hata akiwa amesimama. Akishtuliwa huruka chini chini juu ya maji, mabawa yakipigapiga kwa mikupuo mifupi, huku mstari mweupe ukionekana bawani, naye akilia kwa sauti nyembamba ya haraka.

Yupo jamaa yake, Tringa glareola, apendaye majaruba, ambaye huwachanganya wengi. Huyo ana miguu mirefu zaidi yenye umanjano, mgongo wenye vidoa vyeupe, na kiuno cheupe kinachoonekana arukapo. Kiuno cha kitwitwi ni cha kahawia.

Kitwitwi hutaga mayai yake, kwa kawaida manne, ardhini karibu na maji katika nchi za Ulaya na Asia. Baridi ikikaribia husafiri kuja kusini. Wa kwanza hufika Afrika Mashariki mnamo Julai na Agosti, na wengi huondoka ifikapo Aprili. Baadhi ya wachanga husalia mwaka mzima. Awapo huku hupenda kula peke yake, na huwafukuza wenziwe katika kipande cha ukingo alichokichagua.

Chakula chake ni wadudu, buibui, minyoo na konokono wadogo. Punje za mpunga si riziki yake. Mdomo wake ni mwembamba na mrefu kiasi, wa kudokoa matopeni. Kwelea kwelea, adui halisi wa mkulima, ana mdomo mfupi mnene wa kupasua punje, naye huja kwa makundi makubwa mfano wa wingu.

Tofauti hiyo ina maana kubwa katika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani, na unaotumia maji ya mito Rau na Njoro. Kwa miaka mingi nchini Tanzania kwelea kwelea wamekuwa wakinyunyiziwa dawa ya fenthioni katika malalo yao. Dawa hiyo haichagui: humwua pia ndege mla wadudu aliye karibu, na mtu alaye ndege waliokufa kwa sumu hujihatarisha.

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Uhifadhi wa Ndege wa Majini Wahamao wa Afrika na Ulaya-Asia, uliofikiwa The Hague mwaka 1995 na kuanza kutumika mwaka 1999. Lakini mkataba hulindwa na mwenye shamba kuliko karatasi. Kwa hiyo yafaa yafuatayo yazingatiwe:

(a) Mkulima aonaye ndege shambani amtazame mdomo na wingi wake kabla ya kumwita mharibifu.

(b) Sumu isimwagwe wala chambo chenye sumu kisiwekwe kandokando ya maji; kwelea kwelea wakitokea, Afisa Kilimo aarifiwe mapema.

(c) Ndege waliokufa baada ya dawa kunyunyiziwa wasiokotwe kwa kitoweo.

(d) Akipatikana ndege mwenye pete mguuni, maandishi ya pete yanakiliwe na kupelekwa kwa Afisa Wanyamapori, pamoja na tarehe na mahali.

Mgeni huyu hali mpunga wa mtu. Anachoomba ni ukingo wa maji usio na sumu, nao ni ukingo ule ule ambapo watoto wa kijiji huteka maji.