Kujitolea Kazini: Ratiba ya Mwaka Mzima Badala ya Tukio la Siku Moja

Kampuni zetu nyingi hutoka kwenda kuisaidia jamii mara moja kwa mwaka, kwa fulana mpya na bango, kisha shughuli imekwisha. Hoja yangu ni kwamba kujitolea kazini hunufaisha kampuni, mfanyakazi na jamii kukiwa na ratiba ya kudumu, muda wa mwajiri na hiari ya kweli. Nitaitetea kwa mfano wa uchangiaji damu hapa Tanzania.

Damu haina kiwanda. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria na majeruhi wa bodaboda wanaokolewa na chupa iliyochangwa na kupimwa kabla hawajafikishwa hospitali. Lakini seli nyekundu hudumu kwenye jokofu wiki tano hadi sita tu, kwa hiyo damu ya Siku ya Wachangia Damu Duniani, Juni 14, haitamfaa mgonjwa wa Septemba. Isitoshe, sehemu kubwa ya wachangiaji wetu ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, akiba hupungua. Ofisi na viwanda havifungwi kwa kalenda hiyo, na hapo ndipo penye nafasi yetu. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Kampuni yenye wachangiaji 60, ikiwagawa makundi manne na kuita kundi moja kila mwezi, itapata chupa 15 kila mwezi, yaani 180 kwa mwaka. Tena anayechangia mara kwa mara hupimwa mara kwa mara VVU, homa ya ini na kaswende, hivyo damu yake huaminika zaidi.

Mfanyakazi naye hunufaika: hupimwa uzito, shinikizo na wingi wa damu, na huweza kugundua tatizo mapema. Kampuni hupata kitu ambacho semina za ndani hukitafuta kwa gharama: meneja, mhasibu na dereva wanakaa foleni moja, wanakunja mikono ya shati na kuzungumza bila kupitia vyeo. Karani anayepewa jukumu la kupanga makundi hujifunza kuongoza watu.

Wapo watakaosema muda wa uzalishaji unapotea. Shughuli nzima huchukua takriban saa moja. Mara tatu kwa mwaka ni saa tatu kwa mtu, na ratiba ya makundi huzuia idara kubaki tupu. Wengine wanahofia hiari kugeuka amri, na hofu hiyo ni ya haki. Dawa yake ni uandikishaji ufanywe na wahudumu wa afya, bosi asione orodha, na asiyechangia asidaiwe maelezo, kwani sababu yake huenda ni siri ya afya yake. Wapo pia wanaosema hii ni kazi ya serikali. Maabara, majokofu na wataalamu ni wajibu wa serikali, na tuendelee kuudai. Damu yenyewe haina pa kutoka ila mwilini mwa mtu.

Napendekeza, basi, kila mwajiri aliyewakilishwa hapa akubaliane na kituo cha huduma ya taifa ya Damu Salama kilicho karibu naye kuhusu tarehe za mwaka mzima, na aziingize kwenye kalenda ya kazi pamoja na bajeti ya muda wake.