Habari za Potwe wa Kilindoni
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wazee na walimu, Janga)



Sisi wa Janga tu watu wa mashamba; papa twamjua zaidi akiisha kuwa ng'onda sokoni. Leo nitawaeleza habari za papa asiyedhuru mtu, naye ndiye mkubwa kuliko samaki wote duniani. Jina lake ni potwe. Urefu wake waweza kupita mita 12, na mgongo wake una madoa meupe.

Huko Mafia, mbele ya mji wa Kilindoni, potwe huonekana wengi karibu na pwani tangu Oktoba hata Machi. Awaonaye hudhani wana jumbe awaongozaye. Sivyo. Kila mmoja hufuata tumbo lake. Uduvi ukijaa mahali, wote huja, hupanua vinywa na kuchuja maji. Uduvi ukitawanyika, nao hutawanyika.

Zamani ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha potwe husafiri mbali. Basi tangu 2012 wataalamu waliwafunga baadhi yao vyombo vidogo vitoavyo sauti, wakaweka na vingine chini ya bahari vya kuisikiliza. Mwaka 2015 habari ikatangazwa: wengi hawahami. Hujitenga kidogo na pwani tu, wasionekane kwa macho. Tena kila potwe hutambulika kwa madoa yake, kama mtu kwa alama za vidole. Nao wameonekana kuwa ni wale wale, mwaka baada ya mwaka.

Hapo ndipo penye neno langu. Mvuvi amwonapo potwe hutupa wavu, maana samaki wadogo nao huwa papo hapo. Mara potwe huingia wavuni bila kukusudiwa. Mvuvi mwenye subira huushusha wavu akamwacha apite. Mwenye haraka humjeruhi, na wavu wake hupasuka. Wote wawili wamepata hasara.

Kama potwe wangekuwa wapita njia, tungesema, "Akifa huyu, atakuja mwingine." Lakini hawa ni wenyeji, na wengi wao ni madume wachanga, ambao hukawia miaka mingi kukomaa. Mwenyeji akifa, nyumba yake hubaki tupu. Tangu 2016 potwe amehesabiwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka duniani.

Basi, walimu, wafundisheni watoto. Nanyi wenye jamaa Mafia, wapelekeeni habari hii. Asiyeonekana si lazima awe ameondoka.