KITABU CHA HISA NA KITABU CHA PRESHA

Mazungumzo ya Kamati ya Afya, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya chama chetu



Waliotutangulia kusema wameeleza habari za hisa, mikopo, ada za watoto na mabati yaliyoezekwa. Sisi wa Kamati ya Afya tumepewa nafasi ya kusema juu ya moyo, mapafu na misuli, na yale ambayo watafiti wamegundua kuhusu viungo hivyo, hapa kwetu Mwanza na kwingineko.

Wapo wenzetu walionong'ona, "Siku ya sherehe, jamani, mbona mnatuletea habari za hospitali?" Jibu letu ni fupi. Hisa haziji zenyewe. Zinaletwa na kichwa kinachobeba beseni la samaki kutoka Mwaloni Kirumba, na miguu inayopanda vilima vya mawe vya mji huu kuuza maandazi. Mwili ukisimama, na kitabu cha hisa kinasimama.

MOYO NI MSULI

Moyo ni msuli kama ule wa paja au wa mkono, ila huu haupewi likizo. Hupiga kiasi cha mara laki moja kwa siku, usiku na mchana. Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Nguvu hiyo ikizidi, moyo unakuwa kama mvuvi anayepiga kasia huku upepo unamkabili. Leo atafika, na kesho atafika. Lakini mpe miaka 10 ya upepo huo, atachoka tu.

Na moyo ndivyo ulivyo. Kwanza msuli wake hunenepa kwa kazi nzito, halafu hukakamaa, mwisho unashindwa kusukuma. Hapo mapafu hujaa maji, miguu huvimba, na mama hawezi kulala mpaka aegemee mito. Mishipa ya ubongo nayo ikiziba au ikipasuka, ndicho kiharusi.

Ubaya wa presha ni kwamba haipigi hodi. Wengi husema, "Mimi sina presha, kichwa hakiniumi." Kumbe mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi asisikie chochote. Huwezi kuijua kwa kujisikia. Unaijua kwa kupimwa.

WATAFITI WAMEONA NINI

Zamani hata madaktari wakubwa walidhani presha kupanda ni sehemu ya kuzeeka. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alifariki mwaka 1945 kwa kuvuja damu ubongoni. Siku hiyo presha yake ilizidi 300 kwa 190. Alikuwa na madaktari, lakini dawa za maana za kuishusha hazikuwapo.

Mwaka 1948 watafiti walikwenda katika mji mdogo wa Framingham, hukohuko Marekani, wakaandikisha watu 5,209, wanaume kwa wanawake. Hawakuwafanyia jambo la ajabu. Waliwapima, wakaandika, na baada ya kila miaka 2 wakawaita tena na kuwapima tena. Miaka ilipopita wakafungua madaftari yao na kuona nani ameugua moyo na nani hakuugua, na kila mmoja alikuwa na nini kabla. Hivyo ndivyo dunia ilivyopata uhakika kwamba presha ya juu, mafuta mengi katika damu na sigara huleta magonjwa ya moyo.

Akina mama, angalieni kazi hiyo inavyofanana na yetu. Mtu yuleyule, daftari lilelile, siku iliyopangwa, na namba inaandikwa. Namba moja haisemi mengi. Namba za miaka 10 zinasema. Hata jirani zetu wa Kisesa wanaifahamu kazi ya namna hii: tangu mwaka 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, walianza kufuatilia wakazi wa huko awamu kwa awamu, ili kuelewa ugonjwa wa UKIMWI.

Sasa tuje kwenye moyo wa Mtanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulipima watu wazima Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari, Hai. Katika kila watu 100, kiasi cha 30 walikuwa na presha ya juu, mjini na kijijini sawasawa. Kwa hiyo wanaosema presha ni ugonjwa wa matajiri wa mjini waache. Zito zaidi ni hili: kati ya wenye presha, hawakufika 20 kwa 100 waliokuwa wanajua kuwa wanayo. Na ambao presha yao ilikuwa imeshushwa ikakaa sawa hawakufika hata 1 kwa 100.

Hapa kwetu, madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, ile ya kilimani iliyofunguliwa mwaka 1971, walifuatilia wagonjwa 11,045 waliolazwa katika wodi za magonjwa ya ndani kwa muda wa miaka 3. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Karibu nusu ya vifo vilitokana na magonjwa yasiyoambukiza, na kati ya hayo yaliyotokana na presha ndiyo yaliyoongoza. Na huko Muhimbili, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulichunguza wagonjwa 427 ambao moyo ulikuwa umeshindwa kazi. Zaidi ya nusu kidogo walikuwa wanawake, wastani wa umri wao wote miaka 55, na chanzo kikubwa kuliko vyote kilikuwa presha. Miaka 55, akina mama! Hapo ndipo mtu anapoanza kusomesha wajukuu.

DAWA SI MKOPO

Tunaye mwenzetu aliyeturuhusu kusema habari yake bila kutaja jina. Ni muuza samaki hodari, ambaye hakuwahi kulipa faini ya kuchelewa. Alipimwa presha siku ya kampeni, akaambiwa iko juu, akapewa dawa za mwezi mmoja. Zilipokwisha alijisikia mzima, akasema, "Nimepona." Mwaka wa sita wa chama chetu, alfajiri moja, mkono wa kulia ulilegea na maneno yakamtoka yamepinda. Mfuko wa jamii ulilipa gari na sehemu ya matibabu. Leo yuko hapa pamoja nasi, tunamshukuru Mungu. Lakini mkono ule haujarudi, na biashara ameishika binti yake aliyeacha kozi ya ushonaji.

Kosa si la kwake peke yake, maana wengi wetu tunafikiri dawa ya presha ni kama mkopo: unauchukua, unaumaliza, basi. Sivyo. Dawa ya presha ni kama hisa, inawekwa kila siku. Siku ukiacha, presha inarudi ilikokuwa, tena bila kukuambia. Ukiona dawa inakuletea kikohozi kikavu au miguu kuvimba, usiitupe wala usiazime ya jirani. Rudi kwa mganga akubadilishie, zipo za aina nyingi. Na kama unatumia pia mitishamba, mwambie.

MOSHI NA MAPAFU

Wanachama wetu wengi wanabanika sangara, na karibu wote tunapikia kuni au mkaa. Moshi ule ukivutwa miaka mingi, njia za hewa kifuani huvimba na kusinyaa, na hazifunguki tena vizuri. Mapafu yakiharibika, upande wa kulia wa moyo unapata taabu kusukuma damu kuyapitia. Ndiyo maana watafiti hawatenganishi moyo na mapafu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika vijijini hapa Tanzania, ulikuta watu wengi, hata wanawake ambao hawajagusa sigara, wakiwa na ugonjwa huu wa njia za hewa kubanwa, na karibu wote hawakuwa wamewahi kuambiwa kuwa wanao. Basi tubanike mahali penye hewa, tusimame upande upepo unakotoka, kuni ziwe kavu, na watoto wasikae karibu na tanuri. Kikohozi kikizidi wiki 2, nenda kapime makohozi, maana kinaweza kuwa kifua kikuu, na hicho kinatibika.

Neno moja kwa vijana wetu wanaozaa. Upo ugonjwa wa msuli wa moyo unaompata mama mwezi wa mwisho wa mimba au miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua. Mama akishindwa kupumua akilala chali, akiamka usiku akitafuta hewa, au miguu ikizidi kuvimba baada ya kuzaa, msiseme ni uchovu wa uzazi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

WATAFITI WAKIJA KWETU

Wakati mwingine watakuja watafiti na kuomba kutupima. Tusiwakimbie, na pia tusikubali kama kondoo. Utafiti wa afya kwa binadamu hapa nchini lazima uwe na kibali cha maadili. Tuuliza: Kibali kiko wapi? Mnapima nini, na damu yetu inakwenda wapi? Mkikuta tatizo, mtatuambia na kutupeleka kwenye tiba? Nikitaka kujitoa, ninaruhusiwa? Mtafiti mwema hujibu yote hayo bila kukasirika.

Na tujue pia kwamba utafiti umewapima hata wahudumu wenyewe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 katika vituo vya kanda yetu ya Ziwa ulionyesha kuwa zahanati na vituo vya afya vilikuwa nyuma ya hospitali kwa maandalizi ya kutibu presha na kisukari. Hivyo Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu kwako ni hilo: dawa za presha zipatikane zahanati ya karibu kila mwezi, ili mama asipande daladala mbili kufuata vidonge.

TUNACHOPENDEKEZA

Nasi tusingoje serikali peke yake. Kamati inapendekeza chama kinunue kwa mfuko wa jamii mashine moja ya kupimia presha, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Wanachama wawili wafundishwe na muuguzi. Kila mkutano wa kwanza wa mwezi, kabla kisanduku hakijafunguliwa, kila mmoja akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, apimwe mara mbili. Namba ziandikwe na tarehe katika ukurasa wa mwisho wa kitabu chake cha hisa.

Ila kuna tofauti moja. Hisa tunazitangaza kwa sauti, presha hatutaitangaza. Ni siri ya mwenye kitabu na mpimaji. Na hakuna faini kwa mwenye presha!

Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi, kwa siku mbili tofauti, mwanachama achukue kitabu aende kituo cha afya. Ikifika 180 kwa 120, apumzike apimwe tena, na ikibaki hapo asilale nayo, amwone daktari siku hiyo. Kama kuna maumivu ya kifua, kuhema, uso kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama, ni hospitali saa hiyohiyo, gari litakodiwa na mfuko, tutahesabiana baadaye.

Nyumbani tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na iliyo ndani ya kayabo. Kwa hiyo kayabo iloekwe na maji yamwagwe. Mboga za majani ziongezwe, sigara na pombe vipungue mpaka viishe. Na anayekaa kutwa nyuma ya mashine ya kushona atembee nusu saa kwa siku, ili misuli nayo ifanye kazi.

Akina mama, miaka 10 iliyopita tulipoanza kuweka senti zetu, watu walitucheka. Tulichokuwa nacho ni daftari na desturi ya kukutana. Daftari tunalo bado, na desturi tunayo. Tunaomba Mkutano Mkuu ulipitishe pendekezo hili, ili mwezi ujao tuanze namba ya kwanza.

Chama chetu kidumu.