Wapunguze Hadi Ngapi?

Wito wa wiki hii mmeshausikia: madereva wapunguze mwendo. Hatuna ugomvi na wito huo, na walioutoa wameutoa kwa nia njema. Tuna suala moja tu, na tutalirudia: wapunguze hadi ngapi?

Kupunguza kutoka mia hadi themanini ni kupunguza. Dereva aliyefanya hivyo ameitikia wito, na bado anapita mlangoni pa skuli kwa mwendo usiompa mtoto nafasi hata ya kurudi nyuma hatua moja. Panda daladala ya 206 kutoka mjini Zanzibar, pita Dunga, shuka Chwaka, kisha muulize dereva mwendo halali wa kupita katikati ya kijiji. Atakutajia matuta, moja baada ya moja, maana anayajua kwa springi za gari yake. Nambari hatakutajia. Na dereva asiyejua nambari, tunamwambia apunguze hadi ngapi?

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Barabara ilikuwa ya kifusi, ina mashimo, gari inatambaa. Inakuja lami. Tunaishukuru lami, mama mjamzito anafika hospitali ya Mnazi Mmoja bila ya kurushwarushwa njia nzima. Lakini siku lami ilipokauka, mwendo wa magari ulipanda siku hiyo hiyo, na kijiji ni kile kile. Watoto ni wale wale, wanavuka kwenda chuoni alasiri. Kina mama ni wale wale, wanatoka pwani na mizigo ya mwani kichwani. Mnada wa samaki uko pale pale, na baskeli na vespa zake. Kila kitu kimebaki isipokuwa mwendo, na mwendo ndio ambao hakuna aliyekaa kuupanga upya na kuuwekea kibao. Lami huja kwanza, kibao hufuata msiba. Tumelisema hili kwenye kipindi hiki na leo tunalisema tena: lami huja kwanza, kibao hufuata msiba.

Na mwendo hupangwaje? Kuna nchi ambazo wahandisi hukaa kando ya njia, wakapima mwendo wa magari yanayopita, wakatafuta ule usiozidiwa na madereva 85 katika kila mia, basi huo ndio ukawa mwendo wa halali. Huo ni utaratibu uliokulia Marekani, na huko huko miji imeuchoka. Jimbo la California lilibadilisha sheria mwaka 2021 ili miji yake iweze kushusha mwendo chini ya hapo. Wamechoka kwa sababu iliyo wazi: ukimuuliza dereva peke yake, umemuacha anayetembea kwa miguu. Sisi tunaomba aulizwe anayetembea kwa miguu.

Hesabu ya mwendo si ngumu. Gari ya kilomita 80 kwa saa inakula mita 22 kwa kila sekunde. Mtoto akichomoka nyuma ya daladala iliyosimama, dereva anahitaji kama sekunde moja mguu ufike kwenye breki, na mita hizo 22 zimeshakwenda gari haijaanza hata kupungua. Kwa 50, ni mita 14. Kwa 30, ni mita nane. Na kwa 30, lami ikiwa kavu, gari inasimama kabisa ndani ya mita 14 hivi, pale ambapo gari ya 50 ndiyo kwanza inaanza kushika breki. Ndiyo maana mawaziri waliokutana Stockholm Februari 2020 kuzungumzia usalama barabarani walitaja nambari, hawakusema wapunguze tu: kilomita 30 kwa saa, pale watu na magari wanapochanganyika. Helsinki, mji mkuu wa Finland, ulieneza thelathini katika mitaa yake mingi, na mwaka 2019 ukamalizika bila ya mtu hata mmoja aliyekwenda kwa miguu kuuliwa na gari. Sheria ya barabarani ya Tanzania Bara ya mwaka 1973 inataja 50 kwenye makazi. Sisi Zanzibar tuna sheria yetu, Nambari 7 ya mwaka 2003, na tuna mamlaka yetu, basi nambari tuipange wenyewe. Hamsini mbele ya skuli ni nyingi. Mbele ya skuli tunataka thelathini.

Atatokea wa kusema hayo ni ya Ulaya. Basi tusiende mbali, twende Jozani, ambako hifadhi ya taifa inabeba jina la ghuba yetu ya Chwaka. Kima punju, ambaye hapatikani popote duniani nje ya visiwa vyetu, alikuwa akigongwa na magari kwenye barabara inayopita msitu ule. Watu walikaa wakahesabu waliokufa. Wakajua wanafia wapi. Yakawekwa matuta pale pale wanapovukia, kisha wakahesabu tena, na vifo vikawa vimepungua sana. Tunajivunia kazi ile. Imetuonesha kwamba kisiwani kwetu inawezekana kuhesabu, kujua mahali, kuweka kitu, na kurudi kuhesabu tena. Utaratibu huo huo, bila ya kuongeza wala kupunguza, tunaudai kwa watoto wa Chwaka, wa Uroa, wa Pongwe na wa kila kijiji kilichokatwa katikati na njia ya kwendea hotelini.

Matuta peke yake hayatoshi, tuseme kweli. Tuta lisilopakwa rangi, usiku, linamwangusha mwenye vespa. Gari ya wagonjwa nayo inalipanda kama gari yoyote. Tuta likae pamoja na kibao, kibao kikae pamoja na alama za kivuko, na yote yakaguliwe kila kijiji kinapokua, skuli inapofunguliwa, hoteli inapojengwa. Kibao kikishasimikwa kinasahauliwa, na mji unakikimbia.

Sasa tunawaambia wahusika. Wakala wa Barabara, msikabidhi barabara yoyote ya kijiji ambayo haijapangiwa mwendo wake. Waheshimiwa wawakilishi, kilomita za lami zikisomwa mbele yenu kwenye bajeti, simameni muulize: na mwendo? Polisi, shikeni wanaokimbiza gari mbele ya skuli asubuhi, watoto wanapoingia, msingoje jioni barabara kuu. Masheha, waiteni watu, nendeni nao njiani, waoneshane watoto wanavukia wapi, muandike, mpeleke wilayani, na msipojibiwa mpeleke tena. Wazee, nendeni na masheha wenu. Msingoje msiba, jamani! Tumeshazika wa kutosha katika kisiwa hiki.

Na wewe dereva unayetusikia sasa hivi, mwenye daladala, mwenye gari ya watalii anayewahi ndege, kijana mwenye vespa: usingoje kibao. Umesikia tukiuliza upunguze hadi ngapi. Ukiingia kijijini, thelathini, na uanze na safari hii uliyo nayo.